Kigeu cha mazingira kipo kwenye teminali, aikoni haikioni: nilivyorekebisha

Ofisi moja ya mawakala wa forodha hapa Shimanzi, Mombasa, ina kompyuta nane. Sita zinatumia Ubuntu yenye mazingira ya dawati ya GNOME, mbili kuukuu zina Xubuntu, yaani Ubuntu yenye dawati la Xfce. Programu yao ya hati za mizigo imeandikwa kwa Java. Ukiiita kwenye teminali inafunguka. Ukibofya aikoni, kimya.

JAVA_HOME, kigeu cha mazingira (jina lenye thamani ambalo programu husoma) kinachoieleza programu Java iko wapi, ilikuwa ndani ya ~/.bashrc. Faili hiyo husomwa na bash, yaani sheli (programu inayopokea amri) ya teminali, pale inapofunguliwa kwa ajili ya mtu kuandika amri, basi. Kila mchakato hurithi vigeu vya mzazi wake, na mzazi wa programu iliyobofywa ni mazingira ya dawati, wala si bash ya teminali. Kwa hiyo kupima kwa kuandika echo $JAVA_HOME kwenye teminali hakuthibitishi chochote, na ndiko kunakowapotezea watu siku nzima.

Nilianza kwa kupima upande wa aikoni. Bonyeza Alt+F2, kisha andika:

sh -c 'env | sort > /tmp/aikoni.txt'

Kwenye teminali toa env | sort > /tmp/teminali.txt, halafu linganisha faili mbili hizo kwa diff. Kinachokosekana upande wa aikoni ndicho cha kushughulikia.

Kwenye zile sita za GNOME nilifungua folda ~/.config/environment.d na kuweka humo faili 50-java.conf:

JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64
PATH=$JAVA_HOME/bin:$PATH

Anayeisoma ni systemd ya mtumiaji, programu ya nyuma ya pazia inayoanzisha na kusimamia programu za mtumiaji, na yeye si sheli. Usiandike export. Usiache nafasi kando ya alama ya =. Alama ya ~ haigeuki kuwa folda yako, kwa hiyo tumia $HOME. Amri ndani ya $( ) haitekelezwi. Jina la faili lazima liishie kwa .conf, la sivyo inarukwa bila onyo lolote.

Baada ya hapo toka, uingie tena. Mashine moja iligoma hata baada ya kutoka, kwa sababu mtumiaji yuleyule alikuwa bado ameingia kwa ssh kutoka meza nyingine. Systemd ya mtumiaji ni moja kwa vikao vyake vyote, na haizimiki mpaka kikao cha mwisho kifungwe. Hata hapo kwa kawaida husubiri sekunde 10. Amri ya loginctl list-sessions itakuonyesha nani bado yumo. Ukikosa subira, washa mashine upya, ila hakikisha kwanza hati za watu zimehifadhiwa.

Xubuntu ni habari nyingine. Hapo skrini ya kuingilia ni LightDM, na programu za Xfce hazizaliwi na systemd ya mtumiaji, kwa hiyo environment.d haizifikii. LightDM husoma ~/.profile, na huko export inatakiwa:

export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64
export PATH="$JAVA_HOME/bin:$PATH"

Angalia sana: inayoisoma ni sh, na kwenye Ubuntu sh imekuwa dash, sheli ndogo kuliko bash, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006. Neno source na mabano ya [[ ]] ni mambo ya bash, dash haiyajui. Tumia nukta badala ya source, na [ ] moja. Malalamiko yake utayakuta kwenye ~/.xsession-errors. Na usithubutu kuweka exit ndani ya .profile: utaandika nywila, skrini itameta, urudishwe ulikotoka. Hata Ctrl+Alt+F3, inayofungua skrini ya maandishi, haitakuokoa, maana bash ya pale nayo inaisoma. Kutoka mashine nyingine, ssh ikifuatwa palepale na amri ya mv ya kubadilisha jina la faili hiyo hupita, kwa kuwa sheli hiyo haisomi .profile.

Mtego mwingine ni ~/.bash_profile. Ikiwepo, bash ya kuingilia huisoma hiyo na kuiacha .profile. Weka ndani yake mstari mmoja tu: . ~/.profile. Zsh ya kuingilia nayo husoma ~/.zprofile, ila LightDM bado husoma ~/.profile.

Kwa nini sikuweka kila kitu kwenye /etc/environment? Kwa sababu baadhi ya watumiaji wanahitaji Java 11, na faili hiyo ni ya wote. Tena haipanui vigeu: ukiandika PATH=$HOME/bin:$PATH humo, maneno hayo yanachukuliwa yalivyo, na hata ls haitapatikana. Likikukuta, andika njia kamili, /usr/bin/sudo /usr/bin/nano /etc/environment. Kwa thamani isiyobadilika, kama anwani ya proksi ya ofisi, faili hiyo inafaa kabisa. Ushauri wa zamani wa ~/.pam_environment uachane nao. Linux-PAM, mfumo unaoshughulikia uingiaji wa watumiaji, ilitangaza kuikataa tangu toleo la 1.5.0 la mwaka 2020.

Mwisho nilifungua programu kwa aikoni kwenye kila mashine, kisha:

tr '\0' '\n' < /proc/$(pgrep -n java)/environ | grep JAVA_HOME

Faili hiyo huonyesha vigeu ambavyo mchakato ulianza navyo, kwa hiyo programu iliyofunguliwa kabla ya marekebisho itaonyesha hali ya zamani. Ifunge, uifungue tena, ndipo usome jibu.