Barua ya onyo niliyoiomba mwenyewe

Fomu ya kuomba kuhamia idara nyingine ya benki ilikuwa na nafasi tatu za sahihi. Ya kwanza yangu, ya pili ya meneja wa tawi, ya tatu ya mkuu wa utumishi makao makuu. Yangu niliiweka jioni ileile, hata sare sijavua. Kasheshe ilikuwa ya pili.

Ilikuwa Februari 2015. Nilikuwa nimemaliza miaka minne nyuma ya kioo, dirisha namba tatu, tawi la Kariakoo la benki ambayo sitaitaja. Watu wa nje huiona kazi ya ukeshia kuwa ya kivulini: kiyoyozi, shati jeupe, kiti cha kuzunguka. Mama yangu kule Tanga aliwaambia majirani kwamba mwanawe "yuko benki" kwa sauti ambayo wengine walidhani benki ni yangu. Sikuwahi kumsahihisha.

Aliyewahi kukaa dirishani Kariakoo anajua. Asubuhi unakabidhiwa fedha za kuanzia, unahesabu, unasaini, na tangu hapo kila noti iliyo ndani ya droo ni deni lako mpaka jioni. Saa mbili na nusu milango ikifunguliwa walikuwa wakiingia wafanyabiashara wa Mtaa wa Congo na Mtaa wa Aggrey na mauzo ya jana kwenye mifuko ya rambo. Mmoja, mzee wa vitenge, alikuwa akileta zake kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Bunda la noti mia moja za elfu kumi ni milioni moja, na mabunda ya namna hiyo hupita mikononi mwako kutwa nzima huku mashine ya kuhesabia ikikwama kwa noti iliyolowa, iliyokunjwa, iliyogandishwa kwa gundi. Balaa zaidi ilikuwa noti ya mia tano, iliyochakaa kama tambara la jikoni. Oktoba 2014 Benki Kuu ilipoleta sarafu ya mia tano, ile yenye Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, tulishangilia. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunanyanyua mifuko ya sarafu na kushika viuno.

Jioni, pesa zilizo mkononi lazima zilingane na mfumo. Zikizidi, unaziandikia maelezo na si zako. Zikipungua, ni zako. Hiyo ndiyo shoti.

Kilichonimaliza, lakini, hakikuwa pesa. Kilikuwa choo. Ili keshia aende chooni lazima afunge mfumo, afunge droo, avae ufunguo mkononi, kisha asimamishe kibao cha kusema dirisha limefungwa mbele ya watu thelathini waliosimama saa nzima. Mguno wa foleni ile unausikia mpaka ukiwa chooni. Kwa hiyo nikajifunza kutokunywa maji. Kikombe kimoja cha chai alfajiri, basi, mpaka saa kumi jioni. Ndani ya mwaka mmoja nilitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili. Mara ya pili daktari wa zahanati kule Tabata akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu. Akasema, "Aa, benki," akaandika kwenye kadi kama vile lilikuwa jina la ugonjwa.

Sasa tarehe 28 Novemba 2014. Ijumaa, mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, foleni imefika barazani. Nilipofunga mahesabu droo ilikuwa imepungua laki nne. Tulipekua vocha moja baada ya nyingine mpaka saa tatu usiku, mimi na keshia mkuu, askari akipiga miayo mlangoni. Jumatatu tukatazama kamera. Kamera ilikuwa imefungwa nyuma yangu, ikaonyesha kisogo changu siku nzima. Hadi leo sijui zilikwenda wapi. Kuna kijana wa kofia nyekundu aliyetoa milioni mbili saa tisa na nusu huku simu ikimlilia mfukoni, na kwa miezi mingi nilikuwa nikilala namhesabia upya pesa zake. Huenda namsingizia.

Utumishi walitaka wanikate zote kwa mpigo. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa dawati la mikopo, mwakilishi wa TUICO, chama cha wafanyakazi, tawini kwetu, tuliyezoea kumwita dada wa chama. Alikwenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwapani, akawasomea kwamba makato ya kufidia hasara hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Nilikuwa nalipwa laki sita na arobaini. Basi ikawa 160,000 Desemba, 160,000 Januari, na 80,000 zilizobaki Februari.

Kwa kanuni za benki yetu, shoti inayozidi laki tatu ilifuatwa na barua ya onyo, na barua hiyo ilihesabiwa kuwa hai kwa miezi sita. Yangu haikuja. Desemba ikapita, Januari ikaingia. Siku moja meneja akaniita pembeni akaninong'oneza, "Ile barua nimeizuia. Wewe ni mtu wangu." Nilimshukuru. Nilimshukuru hadi kupiga goti, kama tulivyolelewa.

Ndipo tarehe 9 Februari likatoka tangazo la nafasi za ndani. Maofisa wawili wa usuluhishi wa hesabu, makao makuu, Posta. Kazi yenyewe ni kulinganisha: rekodi za mashine za kutolea fedha na vitabu vya benki, akaunti moja na nyingine, kutafuta kilichopotea katikati. Kutafuta pesa bila kuzigusa! Nilisoma tangazo mara tatu nikiwa nimeshika mkanda wa kufungia mabunda. Masharti: uwe umekaa miaka miwili kwenye nafasi yako, usiwe na onyo hai, na mkuu wako asaini. Mwisho wa kupokea fomu Ijumaa, tarehe 20.

Fomu niliiacha kwenye trei ya meneja Jumanne. Jumatano kimya. Wiki ikapita. Trei ilijaa, ikapungua, ikajaa tena, na kila nikipita naiona kona ya fomu yangu chini kabisa. Jumatano ya tarehe 18 nikabisha hodi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kaa, binti."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, ya kukuza taaluma na kuitumikia benki katika eneo jingine. Alipouliza "Una shida gani?" nikasema, "Nimechoka, bosi."

"Nani hajachoka?" Hakusema kwa ukali. "Ukiondoka wewe, namba tatu namweka nani? Wawili wako likizo ya uzazi. Yule mpya bado anahesabu kwa mdomo."

Hilo lilikuwa kweli. Yule mpya tulimsikia mpaka mlangoni.

Kisha akavuta droo ya chini, akatoa faili la kahawia. Ndani ilikuwamo barua yangu ya maelezo, ile niliyoandika baada ya shoti, na mwandiko wangu ukitetemeka kuanzia mstari wa tatu.

"Hii nikiipeleka, onyo linatoka. Sijaipeleka. Nimekaa nayo kwa ajili yako. Sasa nikikusainia fomu, utumishi watapekua, wataniuliza laki nne iliishaje hivihivi. Utakuwa umeniweka pabaya, na wewe mwenyewe hutapata. Tulia kwanza. Mwakani tutaona."

Akanisogezea chupa ya maji iliyokuwa mezani kwake. Sikunywa. Ilikuwa saa tano asubuhi, nilikuwa narudi dirishani.

Nimewahi kumsimulia mtu kisa hiki akasema bosi yule alikuwa mbaya. Sikubali. Mwisho wa mwezi alikuwa akivua koti na kukaa dirishani mwenyewe, na msiba wa baba yangu aliuhudhuria mpaka Tanga. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, ningemchukia nikaendelea na maisha yangu. Tabu ni kwamba aliyasema yale kwa huruma, na mimi nilitoka ofisini kwake nikiwa nimeshukuru tena. Nilifika dirishani, nikafungua mfumo, ndipo nikatambua kwamba nimeomba kuhama na nimeishia kusema asante.

Mchana nilimkuta dada wa chama kwa mama ntilie wa Mtaa wa Sikukuu, anakula wali maharage. Nikamweleza. Aliendelea kutafuna kwanza, mpaka nikadhani hajasikia.

"Kwa hiyo umefurahi kufichiwa," akasema.

"Si amenisaidia?"

"Mdogo wangu, onyo likiandikwa lina siku yake ya kufa. Miezi sita, kwisha. Hilo lililo kwenye droo yake litakufa lini?"

Sikumaliza chakula. Ndani ya daladala ya Tabata usiku ule nilisimama mlangoni, na kichwani niliendelea kufanya hesabu. Kama barua ingetoka Desemba, ingekufa Juni. Haikutoka, na mwakani nikiomba tena itakuwa bado ipo kwenye droo, changa kabisa.

Alhamisi nikabisha hodi tena. Safari hii sikukaa.

"Bosi, naomba barua yangu ya onyo."

Akavua miwani. "Barua ya nini?"

"Ya ile shoti ya Novemba. Na fomu naomba unirudishie, kwa sasa sina sifa."

Alinitazama muda mrefu. "Nina miaka ishirini na mbili benki," akasema, "nimeombwa likizo, nimeombwa mkopo, nimeombwa hata posa. Onyo sijawahi kuombwa." Alicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. "Umeshauriwa wewe."

"Nimejishauri mwenyewe," nikasema. Nusu ilikuwa uongo.

Hakunijibu. Akaichomoa fomu chini ya trei, akanipa, akarudisha miwani na kuanza kusoma karatasi nyingine. Mlangoni magoti yalikuwa yananitetemeka kuliko siku ya shoti yenyewe. Nilikuwa nimetoka kuomba adhabu, na nafasi niliyoitamani inafungwa kesho yake.

Barua ilifika Jumatatu ya tarehe 23 Februari. Ukurasa mmoja, mistari tisa, na neno "uzembe" limo mara mbili. Nilijua litakuwemo, likaniuma vilevile. Nikasaini kuipokea, nikaenda steshenari ya jirani kutoa kopi, na nyumbani nikazungushia duara tarehe 23 Agosti kwenye kalenda ya ukutani, ambayo nayo ilikuwa ya benki. Mama alipokuja kututembelea Pasaka akauliza ni siku ya nini. Nikamwambia nina mwaliko.

Miezi ile sita sina mengi ya kuisimulia. Shoti moja ya elfu kumi na tano mwezi Mei, niliyoilipa kabla ya kufunga. Ramadhani, foleni, sikukuu, foleni. Meneja hakuniita tena mtu wake. Salamu zilikuwa salamu, kazi ikawa kazi, na nilishangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi kwa jambo hilo dogo. Nilianza kumjibu "hapana" pale ambapo zamani ningesema "sawa, bosi" halafu nikalia chooni. Kama ningekuwa nimepata nafasi ya kwenda huko chooni, maana yake.

Septemba nafasi ikatangazwa tena, safari hii moja tu. Nilipeleka fomu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Meneja akaivuta, akatafuta sehemu ya maoni ya mkuu wa kazi, akaandika palepale mbele yangu kwa kalamu ya bluu: "Mwaminifu. Ana kasi. Tutapungukiwa." Akapiga muhuri.

Usaili uliniangukia mwanzoni mwa Novemba, siku chache baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 25 Oktoba, wakati Kariakoo ikianza kurudi kwenye vurugu zake za kawaida. Walikuwa watatu upande wa pili wa meza. Swali la kwanza kabisa: faili lako lina onyo la Februari, tueleze. Nikaeleza. Laki nne, kofia nyekundu, kisogo changu kwenye kamera. Mmoja akauliza, ungekuwa wewe unasuluhisha hesabu za siku ile, ungeanzia wapi? Hapo nilizungumza dakika kumi bila kupumua. Nilikuwa nimeitafuta pesa ile kila usiku kwa mwaka mzima, hakuna kona ambayo sikuipita.

Siku ya kukabidhi, meneja ndiye aliyehesabu droo pamoja nami. Yule mpya alikuwa kando akingoja kurithi kiti. Siku hizo alikuwa anahesabu kimyakimya. Zikalingana. "Ipo sawa," meneja akasema, akanipa kalamu nisaini. Nilikabidhi muhuri, kibao cha dirisha, na ufunguo. Posho ya kushika fedha, elfu thelathini kwa mwezi, nayo niliiacha hapohapo.

Jumatatu, tarehe 4 Januari 2016, niliripoti Posta, ghorofa ya tano. Walinipa meza karibu na dirisha, dirisha la kweli, la kutazamia nje, na mhudumu akaniletea chupa ya maji ya lita moja na nusu. Niliinywa kwa woga, funda moja moja, mpaka saa tano nikajikuta nimeimaliza. Nikasimama. Mkono wa kulia ukashuka kutafuta ufunguo wa kufungia droo.

Hapakuwa na cha kufunga. Nikaenda. Niliporudi nilitazama huku na huku, na hakuna mtu aliyekuwa ananisubiri.