Nilivyorekebisha viungo vya mlango wa mbawa mbili kwenye FreeCAD

Faili la FreeCAD, programu ya kuchora vitu kwenye kompyuta, lilinifikia mlango ukiwa umeshachorwa: vizingiti viwili, miimo miwili, mbawa mbili na mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana mbawa. Ni mlango wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, na fundi alipokwenda kupima tena alikuta uwazi wa ukutani ni mdogo kwa sentimita 4 kuliko mchoro. Nikapunguza kizingiti. Papo hapo ubawa wa kulia ukaruka nje ya fremu, na programu ikasema viungo, yaani masharti yanayoshikanisha vipande, vinapingana.

Wengi hapo hufuta viungo vyote na kuanza upya. Mimi siioni sababu. Kiungo ukikibofya mara mbili kwenye orodha kinafunguka, na ndani yake unaweza kubadili aina, nyuso zinazoshikana na umbali baina yao. Nilichofanya ni kuvizima vyote kwa muda, kisha nikawasha kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja naukamata ubawa kwa mausi na kuuvuta nione unakwenda wapi.

Ugomvi ulitokana na mambo mawili. Kwanza, kilichokuwa kimekazwa pasi kusogea ni ubawa wa kushoto, ilhali mlangoni kinachokaa kitako ni kizingiti cha chini. Nikauachia ubawa, nikakikaza kizingiti.

Pili, mlango huu wa kizamani hauna bawaba. Kila ubawa una ncha juu na chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Aliyechora aliweka kiungo cha kuzunguka kwenye ncha zote mbili. Kwa seremala ni sawa kabisa, lakini kwa programu si sawa. Kipande kilicho huru kina njia 6 za kusogea: 3 za kuteleza na 3 za kuzunguka. Kiungo kimoja cha kuzunguka huziba 5 na kubakisha ule mzunguko tu, kwa hiyo cha pili hakina cha kuzuia, na vipimo vikitofautiana hata kidogo huanza kushindana na cha kwanza. Nikabakisha cha chini, kwa kuwa ndiko uzito unakolala, na ncha ya juu nikaitumia kukagua tu kama imeingia tunduni.

Jambo jingine ninalolishikilia sana: usifunge kiungo kwenye kingo za nakshi. Kingo zina namba, na ukibadilisha umbo namba zinaweza kuhama, kiungo kikashika ukingo mwingine. Toleo la 1.0 la FreeCAD, la Novemba 2024, limepunguza sana tatizo hilo, lakini bado mimi nafunga kwenye mihimili, yaani mistari ya kuelekezea, niliyoichora mwenyewe ndani ya kipande.

Fundi alikuja kutazama. "Mwanangu, upi unafunguka mwanzo?"

"Wa kulia, mzee wangu."

Lazima iwe hivyo. Mlango unafunguka kwa ndani, na mfaa umeshikamana na ubawa wa kushoto kwa nje, ukiulalia wa kulia. Programu haijui kuwa mbao haipiti ndani ya mbao, kwa hiyo nikaweka mipaka ya pembe: kila ubawa kuanzia 0 mpaka 90, na wa kushoto naukaza kwenye 0 mpaka wa kulia uwe wazi.

Zile sentimita 4 nikazigawa, 2 kila ubawa. Mfaa sikuugusa: ulikuwa umefungwa kwa ukingo wa ndani wa ubawa wake, ukafuata wenyewe.