Yaya iko Houston, kashe yake haifike Kadutu

Yaya yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni injinia kule Houston, na tangu mjomba aamue kupandisha etaje mbili kwenye parsele yake ya Kadutu, hapa Bukavu, basi simu ya yaya haipoi. Mjomba anasema tu: weye si uko injinia wa Amerika, chora plani, piga kashe, ule muhuri wako wa injinia, tuma kwa WhatsApp, nani hapa atabisha? Yaya akakataa. Nyumbani ikakuwa kesi, mara anajivuna, mara amesahau fasi alitoka.

Mimi nikampigia nijue shida iko wapi, tukaongea karibu lisaa lizima mpaka mega zangu zikaisha. Kumbe Marekani hakuna laisensi moja ya nchi nzima ya mainjinia, kila jimbo linatoa yake, Wyoming ndo walianza, 1907. Yaya alimaliza shule yenye inakubalika, akapita mtihani wa kwanza wanaita FE, akatumika miaka minne chini ya injinia mwenye laisensi, kisha mtihani mwingine, PE, ndo Texas ikamruhusu muhuri wenye jina lake na namba yake. Sasa akivuka tu kuingia Louisiana, jimbo jirani kabisa, muhuri ule hauna kazi mpaka aombe laisensi ya pale, hata kama mitihani ile harudii. Kama haufike Louisiana, utafikaje Kadutu karibu na soko?

Na Texas hawakuweka sheria ile juu ya kupenda makaratasi. Ilitoka 1937, mwaka uleule gesi ililipuka ndani ya shule ya New London ikaua karibu watu 300, wengi watoto. California pia, bwawa la St. Francis lilipasuka 1928, mwaka uliofuata wakatoa sheria. Yaani nyuma ya kashe ile kuko matanga.

Halafu laisensi bado haikupe ruhusa ya kujenga, na hapa ndo mjomba anachanganya, hata mimi nilikuwa nachanganya. Jimbo linasema huyu mtu anajua kuhesabu, ila mji ndo unasema kama kwenye kiwanja hiki unaweza mwaga betoni. Houston inajulikana kwa kukosa sheria ya kugawa mji, huku nyumba za kulala, kule maduka, lakini hata huko lazima upeleke plani, wazisome, kisha inspekta anakuja kuangalia vyuma kabla betoni haijavifunika.

Siye Bukavu mtu akishapata otorizasio ya kujenga na risiti yake anaona kama mlima nao umesaini. Mlima gani? Huu wenye unashuka na nyumba za watu mvua ikizidi? Wenye walikuwa hapa siku ya tetemeko, 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, bado wanakumbuka vile kuta zilicheza.

Mwishowe yaya akakubali kitu kimoja, atalipia injinia wa hapahapa mwenye ataweka jina lake mwenyewe. Alikuja juzi, kijana mpole, hata kompyuta hakufungua. Akachimba shimo, akaufinya udongo mkononi, akatazama juu kwa jirani muda mrefu, kisha akauliza: papa, mvua ikinyesha, maji ya kwa yule inapitaka wapi?

Mjomba akanitazama mimi.