Raba ya Zamani

Gari limepona. Mimi bado nina hasira, kwa hiyo naandika leo kabla haijapoa ikageuka hadithi ya kuchekeshea watu kazini.

Ijumaa jioni nilipeleka gari kumwaga oili. Ni Toyota IST yangu ileile, injini ya 1NZ, gari ambalo Dar nzima inalo na fundi yeyote analijua hata akiwa amefumba macho. Mahali penyewe sipataji. Ni pazuri kweli: sakafu ya vigae, viti vya ngozi, runinga, mashine ya kahawa, na kioo kikubwa kinachokuonyesha magari yakiwa yamepandishwa juu kwenye lifti. Nilihamia pale baada ya fundi wangu wa Sinza, wa chini ya mwarobaini, kuhamia Dodoma. Wenzangu kazini ndio walionielekeza. "Pale wana kompyuta," walisema, kama vile oili inamwagwa na kompyuta.

Nilikaa na kahawa yangu nikamtazama kijana akifanya kazi. Hakuwa mzembe, hilo niliseme mapema. Alifungua nati ya chini, oili chafu ikashuka, akapangusa nati vizuri na kuiweka kwenye kitambaa safi. Akafungua filta ya zamani, akaitupa kwenye pipa. Hapo akaitwa. Mwenye Prado alikuwa anataka kutoka na njia imezibwa, basi kijana akapewa funguo akasogeze magari mawili. Ukumbi ulikuwa umejaa, Ijumaa jioni kila mtu ana safari. Aliporudi alichukua filta mpya, akaipaka oili kidogo kwa kidole kwenye raba ya duara iliyo mdomoni mwake, akaikaza kwa mkono. Yote kama inavyotakiwa. Nikalipa, nikapewa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, yenye neno moja tu, "huduma", na stika ndogo ikabandikwa kwenye kioo: urudi baada ya kilomita 5,000.

Jumamosi alfajiri tukaondoka na mama mdogo kwenda Morogoro, kwenye sendofu ya binti wa shangazi. Kimara, Mbezi, Kibamba, mwendo wa foleni. Kibaha ukiingia ni 50 na trafiki wako kazini, kwa hiyo hapo nako tulitambaa. Tulipotoka Kibaha barabara ikafunguka, nikakanyaga mafuta. Hatujafika Mlandizi, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ile yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone.

Nieleze kidogo kuhusu taa hii, maana mama mdogo aliniambia twende tu mpaka Chalinze tukaongeze oili, na najua wako wengi wanaofikiri kama yeye. Taa ile haipimi wingi wa oili. Inapima presha. Ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, maana yake pampu haisukumi tena oili ya kutosha kwenda kwenye vyuma, na vyuma vinasagana vikavu. Hakuna "twende taratibu". Ukiendesha hivyo dakika chache tu, injini inaweza kunoki, na baada ya hapo unaanza kutafuta injini nyingine kule Ilala. Nilizima nikiwa bado natembea, gari likajivuta lenyewe hadi pembeni. Nyuma yetu lami ilikuwa imechorwa mstari mweusi unaong'aa.

Tuliweka pembetatu, na matawi kwa mbali kidogo, kwa sababu madereva wetu wanaheshimu matawi kuliko pembetatu. Nilipiga magoti kuchungulia. Chini kote kulikuwa kumelowa oili ya moto. Kijiti cha kupimia hakikuonyesha kitu.

Mwenye genge la mananasi ndiye aliyetupigia fundi. Akaja mzee juu ya bodaboda, spana zake kwenye salfeti. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mmeipigisha jiwe?" Akajilaza mgongoni, akasubiri kidogo joto lipungue, akazungusha filta. Ilitoka kwa urahisi mno. Akatoka chini na filta mkono mmoja, na mkono mwingine raba mbili. Moja mpya, laini, imepinda na kuchanika upande. Nyingine nyeusi, ngumu, bapa, imeshika masizi.

"Hii ya pili ni ya filta iliyotolewa," akasema. "Ilibaki imeng'ang'ania kwenye injini. Wamefunga juu yake."

Hakusema kwa mshangao. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa unaojulikana, na kweli ni kosa la zamani, mafundi wa dunia nzima wanalijua. Raba ya filta ikikaa na joto miezi mingi inagandia kwenye chuma. Unapofungua filta inabaki juu, na kwa kuwa ni nyeusi kwenye chuma cheusi chenye oili, huioni mpaka upitishe kidole. Ukifunga filta mpya juu yake, raba mbili hazikaliani sawasawa. Injini ikiwa inazunguka polepole zinavumilia. Ukikanyaga, pampu nayo inazunguka kwa kasi, presha inapanda, moja inateleza nje. Ndiyo maana tulipita Kimara hadi Kibaha salama tukidhani tuna gari zima.

Mzee alimtuma mwenye bodaboda kwenye duka la spea: galoni ya lita 4 na filta. Wakati tunasubiri alikinga oili iliyobaki kwenye beseni, akatoa mfukoni sumaku ya spika ya redio, akaizungusha humo kama anakoroga uji. Akaifuta kwenye karatasi nyeupe, akaiinua juani. Hakukuwa na chenga za chuma. Sina hakika kama kuna mtu pale kwenye vigae angefikiria kufanya hivyo bila kunitoza.

Galoni ilipofika hakuimimina yote. Injini hii, ukibadilisha na filta, inachukua lita 3.7. Alimimina, akasubiri, akapima, akaongeza, kilichobaki akanirudishia kwenye chupa yake. Nilipowasha alinizuia nisikanyage. Akainamisha sikio upande wa cheni. Kwenye 1NZ cheni ya injini inakazwa na kifaa kinachosukumwa na presha ya oili hiyohiyo, kwa hiyo oili ikikosekana, pale ndipo mlio unapoanzia. Kimya. "Una bahati, ulizima mapema," akasema. Morogoro tulifika, chakula kimeshapakuliwa, na mama mdogo akasimulia kisa chote mezani akiongeza moto ambao haukuwepo.

Sasa niseme kinachonikera hasa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kazi yangu, ukiondoa majina makubwa, ni kuhesabu. Gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, zinahesabiwa kabla ya kuanza, zinahesabiwa kabla ya kufunga tumbo, zinahesabiwa tena mwishoni, kwa sauti, watu wawili, na ubao unaandikwa. Ukiitwa katikati ya hesabu, hesabu hiyo imekufa. Unaanza moja upya. Orodha ya usalama ya WHO ya mwaka 2008 ina kipengele hicho kabla mgonjwa hajatolewa chumbani: vifaa, gozi na sindano zimetimia? Hatufanyi hivyo kwa sababu wauguzi ni wazembe. Tunafanya kwa sababu mtu hodari kabisa, akikatishwa katikati, anarudi akidhani amemaliza hatua ambayo hajaianza.

Kwa hiyo Jumatatu nilipoingia pale sikumtaka kijana. Nilitaka kujua nani alimpa funguo za magari mawili wakati injini yangu iko wazi, na kama kuna mahali popote kwenye karatasi yao pameandikwa: raba ya zamani imetoka.

Meneja alinipokea vizuri, akaniletea maji. Kisha akaanza. Kwanza filta za siku hizi zina kasoro kutoka kiwandani. Halafu labda nilipita barabara mbovu, jiwe likapiga. Halafu, hapa akapata nguvu, fundi wa njiani ameshafungua, dhamana imekufa. Yote haya alimweleza mdogo wangu wa kiume, niliyemchukua anisindikize tu kwa kuwa tulikuwa tunakwenda Kariakoo. Mdogo wangu hana leseni. Hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Akawa anatikisa kichwa kwa adabu kama mwenye gari. Mwishoni nikamwambia, "Kaka, gari ni langu, zungumza na mimi," na meneja akasema "samahani mama" (dakika moja kabla nilikuwa "dada").

Nikaweka raba mbili mezani, kwenye mfuko wa nailoni. Akazitazama. Akasema raba ni raba, zinaweza kutoka popote.

Aliyemaliza ubishi hakuwa mimi. Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amesimama mlangoni akifuta mikono, aliondoka bila kusema kitu akaenda kwenye pipa la filta chafu. Pipa lilikuwa halijamwagwa. Akawa anazitoa moja moja na kuzipanga sakafuni kwenye vigae vyao vyeupe, mdomo juu. Kila moja ilikuwa na raba yake. Alipofika karibu na chini akatoa moja ambayo mfereji wake ulikuwa mtupu. Akaichukua raba yangu ile ngumu, akaibonyeza ndani. Ikaingia. Akairudisha mezani mbele ya meneja na kurudi kazini kwake.

Meneja akabadilika papo hapo. Alikuwa tayari kurudisha pesa ya huduma yote na filta. Na kijana atakatwa mshahara, akasema, kwa namna ya kunifurahisha, kama anayeongeza kipande cha nyama kwenye sahani ya mgeni. Nikamwambia sikuomba hilo. Akasema lazima wajifunze. Nikamuuliza yeye atajifunza nini. Hakunielewa, au alinielewa sana.

Nilitaka karatasi. Pesa zinaisha, lakini injini hii ikianza kupiga kelele baada ya miezi mitatu nitakuwa na nini mkononi? Akaandika, akagonga muhuri: "Tatizo lilitokana na uzembe wa fundi." Nikairudisha. Nikamwomba aandike kilichotokea, kwamba raba ya filta ya zamani haikutolewa kabla ya kufunga mpya, na injini ikakimbia bila presha ya oili. Tulivutana hapo muda mrefu kuliko tulivyovutana kuhusu pesa. Uzembe alikuwa tayari kuuandika mara kumi, kwa sababu uzembe ni wa mtu mmoja na mtu huyo anaweza kuondoka. Hatimaye aliandika kama nilivyosema, na "uzembe" akauacha palepale mwishoni. Nikasaini. Nilikuwa naingia zamu mchana.

Nikiwa natoka nilimtafuta kijana kwa macho. Niliambiwa leo hayupo. Sijui kama ni siku yake ya mapumziko.

Binamu yangu, anayefanya kazi za sheria, aliniambia nisiishie hapo: kuna Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni kazi yake, huduma zikiwemo. Nilimtajia meneja jina hilo kwenye simu jana, kwa sauti ya kawaida tu, na pesa ya huduma ikaingia kabla sijamaliza kunywa chai. Kilichobaki ni galoni ya Mlandizi, filta na ufundi wa mzee. Hapo amekaza. Anasema risiti niliyonayo imeandikwa kwa mkono, si ya EFD, hawezi kuiingiza kwenye vitabu vyake. Miaka yote hii tunaimbiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti; nilipaswa kumwacha mama mdogo pembeni ya lami nikatafute duka lenye mashine.

Kila asubuhi sasa nawasha gari na redio ikiwa imezimwa. Nasikiliza upande wa cheni kabla sijaweka gia. Mpaka leo hakuna kitu, lakini nasikiliza, na hilo nalo hakuna safu yake kwenye madai yangu. Fundi mtu mzima wa kule kwenye vigae, ambaye nilimpata mlangoni na kumwomba namba, amenishauri nimwage oili mapema, kwenye kilomita elfu moja, niitazame tena kwa sumaku. Nitafanya hivyo, ila kwa mtu mwingine, na nitasimama palepale chini ya gari mpaka nionyeshwe raba ya zamani ikiwa kwenye filta yake.

Mchana huu meneja ametuma ujumbe. Atalipa nusu ya galoni. Nimemjibu kuwa injini ilikunywa lita 3.7 na ninazo picha, na kwamba Alhamisi nikitoka zamu ya usiku nitapita Tume. Tiki mbili za bluu. Hajajibu bado.