Ua Kwenye Noti

Jana jioni binti yangu aliniita kutoka sebuleni. "Mama, nani kachora ua humu?" Nilikuwa nakata vitunguu. Sikuhitaji kwenda kuangalia, nilishajua mwalimu wake wa piano kampa wimbo gani. Nilimjibu kwa kifupi. Yaliyobaki nayaandika hapa.

Februari 2000, Berlin. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kule, habari za theluji na za vibali naziacha. Kila asubuhi nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, mwalimu wa piano mstaafu. Kumwogesha, kumvalisha, dawa, kisha kumkalisha dirishani. Siku hiyo akakataa kiti. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye piano.

Nikamshika kiuno mpaka akakaa sawa. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi. Akakanyaga pedali, akabonyeza sauti nzito ya chini kabisa, akaiacha. Nikangoja. Nikadhani amesahau. Sauti ile iliendelea kuvuma mpaka glasi kabatini zikaanza kuitikia. Ndipo mikono yake yote miwili ikapanda juu kabisa, zikaja noti mbili, akanyamaza. Kisha tatu. Kisha nne. Kila mstari ulizidi ule uliotangulia kwa noti moja, hadi ukafika urefu wake, ukaanza kupungua tena. Kwenye karatasi noti hazikuwa na mikia, ni vichwa vitupu, na hakuna mapigo ya kuhesabu.

Mimi ni mtoto wa kwaya ya usharika, nilifuata kwa sol-fa, ile ya do-re-mi, kimoyomoyo kama tulivyozoeshwa Moshi. Mkono wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka utakavyo. Wa kushoto ulijua sauti tatu tu: la, do, mi. Kulia kuende kokote, kushoto kunarudi palepale, la, do, mi. Halafu, karibu na mwisho, mkono ule wa kushoto ukagusa ti. Mara moja tu. Nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Bibi akakipeleka kidole chake kilichopinda kwenye karatasi, mahali penyewe. Palikuwa na kiua kimechorwa.

"Kakichora mtunzi mwenyewe," akasema. "Anaishi mji huuhuu."

Ndivyo nilivyomjua Arvo Pärt, Mwestonia. Mwaka 1968 utunzi wake wa Credo, wenye maneno ya kumwamini Yesu Kristo, uliwaudhi wakubwa wa Kisovieti, waliotawala Estonia wakati ule. Baada ya hapo akakaa takriban miaka minane bila kuandika mengi, anasoma nyimbo za kale za kanisa, anatafuta. Alipotoka, mwaka 1976, alitoka na huu, kurasa mbili tu: Für Alina, yaani Kwa Alina. Mtindo huo akauita tintinnabuli, kutokana na neno la Kilatini la kikengele. Januari 1980 akahama na mkewe Nora na watoto wao wawili kwa treni. Mpakani Brest, upande wa Kisovieti, masanduku yao yakafunguliwa, wakakutwa na noti za muziki na santuri. Askari wakazipiga zile santuri wakasikiliza. Mimi niliyewahi kumwagiwa begi langu mezani mbele za watu, habari hiyo sijaisahau.

Lakini bibi hakuanza na hayo. Alianza na Alina. Alina alikuwa msichana wa miaka 18, amekwenda Uingereza, mama yake amebaki Estonia, na mipaka ya wakati ule si ya kuvuka upendavyo. Wimbo una jina la msichana. Aliyekuwa anafarijiwa ni mama.

Nilimaliza zamu, nikanunua kadi ya simu. Mpaka siku ile nilikuwa nahesabu upweke wangu peke yangu. Mama aliitwa kutoka nyumbani hadi ofisi ya usharika, nami nikapiga tena baada ya nusu saa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe unaendeleaje?"

Akanyamaza. Nikasikia jogoo wa mtu, na dakika za kadi zinakwenda. Kisha akasema, "Godoro lako naanika kila Jumamosi."

Nikamwambia mama, hakuna anayelilalia. Akasema anajua.

Amefariki mwaka 2011 na sikuwahi kumuuliza zaidi. Alikuwa ananiandalia kitanda cha kurudia, au alihitaji kazi ya kufanya kila Jumamosi? Pengine yote mawili. Sijui.

Pärt alirudi kwao Estonia, na Septemba 2025 alitimiza miaka 90. Binti yangu anaondoka mwezi wa tisa kwenda chuo. Nimemwambia ua lile alilichora mtunzi mwenyewe. Habari ya mama wa Alina bado sijamwambia.