Ngisi Kimulimuli wa Toyama

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na kwetu ngisi hutolewa matumbo, huoshwa wino na kumenywa ngozi kabla hajatiwa kwenye tui la nazi. Kwa hiyo, katika machipuko yangu ya kwanza hapa Toyama, upande wa Bahari ya Japani, mama mwenye nyumba aliponiandalia ngisi wadogo, kila mmoja na matumbo yake kamili, nilidhani ameghafilika.

Wenyeji humwita hotaruika: hotaru ni kimulimuli, ika ni ngisi. Mchana huishi kwenye kina kirefu, na kuanzia Machi hadi Juni majike hupanda usiku kutaga mayai karibu na ufuo, ncha za mikono yao ziking'aa rangi ya buluu. Eneo la bahari wanapokusanyika, hasa mbele ya mji wa Namerikawa, lilitangazwa kuwa urithi maalumu wa asili mwaka 1952. Kinacholindwa ni bahari yenyewe, kwa hiyo uvuvi unaendelea. Mkoa wa Hyogo nao huvua wengi kwa nyavu za kukokota, lakini Toyama hutumia nyavu za kutega karibu na pwani, ambazo hazimchubui, na majike yake yamenona.

Huchemshwa kwa maji ya chumvi, kisha huliwa kwa miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa, iliyochanganywa na siki. Kazi iko kwenye kibano, kwani macho, mdomo mgumu na kile kiuti chembamba cha ndani hung'olewa kimoja kimoja. Asiyepikwa haliwi na matumbo yake bila kugandishwa kwanza kwa baridi kali, kwa sababu ya minyoo. Matumbo hayo, ambayo mimi ningewatupia paka, ndiyo yenye utamu wote: mazito, yenye uchungu kidogo, yakikaribia ini la kuku.

Usiku wa giza, ambao kwetu ni wa wavuvi wa dagaa, ngisi wengine husukumwa na mawimbi hadi ufukweni, na watu huteremka na taa za kichwani na nyavu za mkono. Mwaka huu nilifuatana na mama huyo. Yeye alijaza nusu ndoo, mimi nikapata kumi na mmoja, na kulipopambazuka tulikuwa bado jikoni tukitoa macho.