Nyanya

Ndiyo tumetoka kwenye usaili wa shule sasa hivi.
Usaili. Wa mtoto wa miaka mitano.

Tumeamka saa kumi alfajiri, maana Mbagala mpaka Masaki si mchezo. Shati la Idi, viatu nimempaka kiwi mwenyewe. Fomu tu elfu hamsini, hairudishwi. Ada siitaji, mtanicheka.

Ndani kuna dada mpole, Kiingereza kitupu. Anamwekea mtoto kadi za picha mezani.
Mpira, kajibu.
Paka, kajibu.
Nikaanza kupumua.

Ikaja stroberi.

Mwanangu akaikodolea macho, akanigeukia, kisha akatamka kwa kujiamini kabisa: "Nyanya."

Dada akatabasamu, akaandika. Mimi macho kwenye kalamu tu. Mstari mzima! Neno moja linaandikiwa mstari mzima?

Jamani, stroberi angeionea wapi? Wangemwekea ubuyu au fenesi angewafundisha wao.

Baba yake anasema tumpeleke shule ya serikali hapo mtaani, mbona sisi tumesoma huko. Sawa. Ila mimi sijasahau kidato cha kwanza: miaka saba ya Kiswahili, halafu ghafla baiolojia yote Kiingereza. Nililia chooni.

Majibu Ijumaa.

Sasa hivi tuko kwenye daladala, kanilalia mapajani, kiwi yote imehamia kwenye sketi yangu.

Mliopitia haya, hebu niambieni ukweli: nyanya ni kufeli?